Nimepata nafasi polisi ila mshahara ndo unanichanganya, wazoefu njooni hapa

Nusu_Njia

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo yenu, utani wekeni pembeni kidogo, jambo lenyewe zito kwangu.

Nina miaka 26, nafanya kazi ya stoo kwenye kampuni ya kusambaza vifaa, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huu wa nne. Mwaka jana niliomba polisi bila matumaini yoyote, nikaenda usaili, nikakimbia, nikapimwa macho, meno mpaka nyayo, nikarudi kazini nikasahau. Juzi napigiwa simu jina limetoka, natakiwa kuripoti depo baada ya wiki tatu. Nyumbani ni shangwe, mama keshaanza kuniita afande.

Woga sina, kazi naipenda. Kinachonisumbua ni hesabu. Barua imeandika namba moja tu, "mshahara pamoja na posho", na hiyo namba imezidi kidogo sana ninachopata stoo, yaani kama kule napata 90 basi huku ni 100. Sasa najiuliza, kwa hiyo 10 ya juu ndo niache kulala kwangu nikakeshe lindo? Au kuna faida ambazo mtu wa nje hazioni, pensheni, bima, nyumba na hayo mengine? Rafiki yangu mmoja kaniambia polisi ni ajira ya kuzeekea, mwingine ananiambia nitakuja kulia. Mimi nataka nijue naangalia nini ili nikubali au nikatae nikiwa na akili zangu.

Chuma_Kizee

Nenda mdogo wangu acha maswali mengi, serikali haifilisiki. Kampuni yako siku yoyote unakuta geti limefungwa.

Sajenti_Mstaafu

Kijana hongera kwanza. Nimetumikia miaka 31, nimestaafu nikiwa sajenti, kwa hiyo nachokwambia nimekiishi mwenyewe, sijahadithiwa.

Barua yenye namba moja isikudanganye. Siku utakayopata slipu ya kwanza utaona ile namba imegawanyika vipande, kuna mshahara wa msingi juu, halafu chini zinafuatana posho: ya nyumba, ya chakula, ya mazingira magumu, ya kufua sare na kadhalika, kila jeshi na majina yake. Na kule chini kabisa makato. Wewe unachotakiwa kujua kabla hujaripoti ni mshahara wa msingi peke yake ni kiasi gani, maana posho ni za kazi unayofanya na mahali ulipo, zinakuja na kuondoka. Msingi ndo wako.

Nikupe mfano wangu. Mwaka wa 14 kazini nilikuwa kikosi cha doria, posho zangu zilikuwa nzuri na maisha nimeyapanga kwa hizo hela, mkopo benki, ada za watoto wawili, kila kitu. Usiku mmoja tunamkimbiza mtu nikaruka mtaro nikatua vibaya, goti likaachia. Nilitibiwa vizuri tu, sina lawama. Ila niliporudi nikapangiwa ofisi ya kumbukumbu, nakaa kwenye kiti natafuta majalada. Cheo kilekile, msingi uleule, mwisho wa mwezi slipu inatoka nyepesi, posho ya doria hakuna, ya usiku hakuna, saa za ziada hakuna. Karibu theluthi moja ya kilichokuwa kinaingia mkononi ilikatika, na benki inakata mkopo palepale kwenye msingi kama kawaida, goti lako haliwahusu. Nilikaa kwenye ngazi za kituo na ile slipu nikaikunja mara nne nikaitia kwenye soksi ili mke wangu asiione, mtu mzima na akili zangu. Aliiona siku anafua.

Kwa hiyo faida zipo, usitishwe. Mshahara unaingia kwa tarehe, unapanda kidogo kila mwaka hata kama hujapanda cheo, likizo ya kulipwa ipo, ukiugua hufukuzwi, na ukimaliza utumishi kuna pensheni mpaka unakufa. Mtu wa stoo mwenye mkataba wa mwaka huenda vingi vya hivyo hana. Lakini ishi kwa msingi, posho zifanyie mambo yanayoisha.

Mama_Wawili

Shikamoo sajenti. Hiyo ya soksi imenichekesha halafu ikaniuma, maana mimi ndo yule mke anayefua.

Mdogo wangu Nusu_Njia, mimi ni mke wa askari mwaka wa 9 sasa. Watu wanazungumzia mshahara wa mwezi ila hawakwambii huo mwezi una masaa mangapi. Wiki iliyopita mume wangu karudi kutoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, hajavua hata viatu akabadilisha shati akaenda mahakamani kutoa ushahidi, kesi ya mtu aliyemkamata yeye. Kakaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana, kesi ikaahirishwa, shahidi mwingine hakuja. Karudi saa nane, kala kasimama, kalala masaa matatu, saa kumi na mbili jioni anatakiwa zamu. Ule muda wa mahakamani kwenye jeshi lao unalipwa, ila lazima ujaze fomu na bosi asaini, na bosi akiwa likizo fomu inakaa kwenye trei mpaka karatasi inabadilika rangi. Kuna za mwaka juzi hatujalipwa mpaka leo.

Upande mwingine siwezi kukataa, bima imetuokoa. Mtoto wetu wa pili alizaliwa kabla ya wakati akakaa kwenye chumba cha joto wiki tano, sisi tukasaini tu. Tungekuwa na bima ya kuungaunga tungekuwa tumeuza kila kitu. Kwa hiyo ukiuliza faida uliza bima inamhusu nani, wewe peke yako au na mwenza na watoto, na wazazi je, na ukistaafu inaendelea au inakufa siku unayorudisha sare. Hilo la mwisho watu hawaulizi.

Na nyumba. Ukipewa kota unaona umepata bure, ila kota si yako, ukihamishwa unatoka, ukistaafu unatoka, na mwenzio akikutangulia mbele ya haki unapewa muda wa kuondoka na watoto wako. Samahani kuongea hivyo lakini ndo hesabu yenyewe.

Hesabu_Kwanza

Nimekaa idara ya mishahara miaka mingi, si ya polisi ila utumishi wa umma, slipu ni slipu. Ngoja nichukue namba za mtoa mada mwenyewe, 90 ya stoo na 100 ya polisi, nimuonyeshe kitu.

Tuseme katika ile 100, msingi ni 60 na posho ni 40. Na tuseme pensheni ya polisi inapigwa kwenye msingi wa mwisho, unalipwa nusu. Unastaafu na 30. Sasa mwenzio anayelipwa 90 ambayo yote ni msingi, na yeye mfuko wake unalipa nusu, anastaafu na 45. Kazini wewe ulikuwa unamzidi, uzeeni yeye ndo anakuzidi, na hakuna aliyekuibia, ni kikokotoo tu kimeangalia msingi. (Wewe wa stoo na mkataba wako wa mwaka huenda pensheni huna kabisa, hapo polisi anakushinda kwa mbali, nakuonyesha tu kinavyofanya kazi.) Polisi naye ana la kujitetea, majeshi mengi yanastaafisha mapema kuliko kazi za kiraia, kwa hiyo ile 30 anaanza kuila miaka mitano au kumi kabla, na bado ana nguvu za kutafuta kazi nyingine ya ulinzi. Ndo maana usiulize pensheni ni asilimia ngapi. Uliza asilimia ngapi YA NINI, baada ya miaka mingapi, kuanzia umri gani. Maswali matatu hayo hayatengani.

Halafu saa. 90 kwa saa 40 za wiki ni 2.25 kwa saa. 100 kwa saa 40 ni 2.5, umependeza. Ila kwa maisha anayosimulia Mama_Wawili, ukifanya saa 50 na zile 10 hazijalipwa, inakuwa 2 kamili, yaani saa moja ya polisi ni rahisi kuliko saa moja ya stoo. Ovataimu ndo inaamua kama kazi hii inalipa au hailipi, na ovataimu ina sheria zake za ajabu. Marekani kwa mfano mfanyakazi wa kawaida akipita saa 40 kwa wiki anaanza kudai ya ziada, lakini kwa polisi sheria inamruhusu mwajiri ahesabu kwa mzunguko wa siku 28, na askari haanzi kudai mpaka apite saa 171. Mtu wa kawaida kwenye hizo wiki nne angeanza saa 160. Na wanaruhusiwa kukulipa kwa saa za kupumzika badala ya hela, unalimbikiza mpaka saa 480. Saa za kupumzika kwenye kituo chenye upungufu wa watu utapumzika lini, jibu mwenyewe.

Niliachia_Ngazi

Mimi naona mnampamba sana. Nilikaa miaka minne nikaacha, nisikilizeni na mimi.

Hakuna aliyeniambia kuna kima cha chini cha miaka ndo uwe na haki ya pensheni. Nilipoacha nikarudishiwa michango yangu mwenyewe tu, sehemu ya mwajiri nikaisikia kwa jirani. Na kuna majeshi mengine ukiacha mapema unadaiwa gharama za mafunzo, soma ile karatasi unayosainishwa depo, tulisainishwa usiku tumechoka na bwege mimi sikusoma.

La pili ni kwamba biashara ya pembeni inabana. Nilikuwa na kaduka kadogo, nikaitwa ofisini naulizwa kibali kiko wapi. Askari haruhusiwi kufanya lolote analotaka akitoka zamu, mgongano wa maslahi na nini na nini, na kwa kweli wana sababu, ila wewe wa stoo ambaye Jumamosi unapiga dili lako dogo hilo uliweke kwenye mizani, ile 10 ya juu inaweza kuwa ndogo kuliko dili la Jumamosi.

La tatu, hata mkionewa mshahara hamgomi. Nchi nyingi polisi kugoma ni marufuku kisheria.

Sajenti_Mstaafu

Niliachia_Ngazi umeongea kweli, sibishani, na la kugoma lina historia yake. Uingereza polisi waligoma 1918, kisa mishahara ilibaki nyuma ya bei za vitu wakati wa vita, na wengine tena 1919 kutetea chama chao. Serikali ikafanya mambo mawili kwa mpigo, mishahara ikapandishwa sana na sheria ya 1919 ikawakataza kujiunga na vyama vya wafanyakazi, wakaundiwa shirikisho lao ambalo haligomi. Waliogoma 1919 wakafukuzwa. Mwaka huohuo Boston, Marekani, askari zaidi ya elfu moja waligoma, wakatolewa wote wasirudi kamwe, na waliochukua nafasi zao wakaanza na mshahara mkubwa zaidi na sare za bure, vitu vilevile walivyokuwa wanavidai wale waliofukuzwa. Mimi hiyo habari tulipewa darasani na mkufunzi akiwa anacheka, sikuona cha kuchekesha.

Nilichotaka kuongeza ni hiki, usidhani kanuni ya pensheni unayoikuta leo ndo utakayostaafu nayo. Hukohuko Uingereza mpango wa 1987 askari alitumikia miaka 30 akaondoka na theluthi mbili ya mshahara wa mwisho, hata kama ana miaka 50. Ukafungwa kwa waajiriwa wapya 2006, na 2015 ukaja mwingine unaohesabu wastani wa mishahara yako yote ya utumishi na umri wa kawaida wa kustaafu ni 60. Wastani wa yote maana yake na ile miaka yako ya ukonstebo wa njaa inaingia kwenye hesabu. Hebu fikiria mtu wa miaka 59 anamkimbiza kibaka wa miaka 19.

Nusu_Njia

Daah. Asanteni sana, na sajenti shikamoo. Nimesoma mara mbili mbili.

Swali la nyongeza kwa wote. Kupanda cheo kunabadilisha sana hizi hesabu? Maana mimi nina diploma, nimeambiwa itanibeba.

Hesabu_Kwanza

Kunabadilisha kuliko chochote, kwa sababu cheo kinapandisha MSINGI na msingi unaburuta pensheni. Posho mpya unaila leo, cheo unakula mpaka kaburini. Ila diploma haikubebi yenyewe, uliza kuna nafasi ngapi za koplo na sajenti na watu wanakaa miaka mingapi konstebo kabla hawajaitwa kozi. Kuna sehemu mtu anakaa konstebo miaka 10 na diploma yake imo kwenye begi.

Sajenti_Mstaafu

Marahaba. Nyongeza ndogo hapo. Ukipanda kuwa ofisa, kuna majeshi ovataimu inakoma, unahesabiwa ni bosi, kwa hiyo usishangae inspekta mpya analia njaa miezi ya mwanzo wakati sajenti wake anachekelea. Vumilia, ni ya muda.

Mama_Wawili

Na usiku jamani, mbona mnauruka. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa tangu 2007 limeiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na 2019 wakarudia hivyohivyo. Sisemi asiende, mume wangu yupo huko na ananilisha. Nasema posho ya usiku si zawadi, ni bei, na wewe ndo unayeuza. Uliza zamu zinazunguka vipi, usiku nne mfululizo ni tofauti na usiku wiki mbili.

Chuma_Kizee

Mnamtisha mtoto wa watu. Mimi kaka yangu polisi, kajenga, kasomesha, yuko poa.

Niliachia_Ngazi

Chuma_Kizee kajenga kwa mshahara?

Chuma_Kizee

Kwa mshahara na mkopo, usiniletee mambo yako. Mtumishi mwenye slipu benki inamwita yenyewe, wewe na kaduka kako nani anakukopesha.

Hesabu_Kwanza

Hilo la mkopo ni kweli na ni faida halali, ila ndo hilohilo linalowaua. Askari mpya anatoka depo, mwezi wa pili kesha saini mkopo wa miaka saba, benki inakata kwenye chanzo, anabaki anaishi kwa posho. Halafu anahamishwa. Rudini kwenye soksi ya sajenti.

Nusu_Njia

Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo nimepiga simu ofisi ya ajira, dada aliyepokea alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Nimemuuliza msingi peke yake ni kiasi gani, katika ile 100 ni 68. Nzuri kuliko mfano wa Hesabu_Kwanza. Pensheni inaangalia msingi tu, haki unaipata baada ya miaka 10. Bima ni mimi, mwenza na watoto wanne, wazazi hapana. Mafunzo wanadai uyarudishe ukiacha kabla ya miaka mitatu. Nilipomuuliza bima baada ya kustaafu akanyamaza kidogo halafu akasema "hilo kaka halijawahi kuulizwa hapa, subiri nimuulize mkubwa", akaniweka kwenye simu dakika kama sita, akarudi akasema mkubwa naye anaenda kuuliza.

Nimeamua naenda. Si kwa ile 10. Ni kwamba stoo sina chochote baada ya mkataba na umri unaenda, na hii 68 naiona inaweza kukua. Mkopo sichukui mwaka wa kwanza, nimemwahidi mama mbele ya dada zangu ili wanishike. Saini yoyote ya usiku nasoma kwanza hata wakinipigia kelele.

Sajenti, kitu kimoja cha mwisho, wameandika niende na viatu vya mazoezi na buti za kwangu kwa wiki za mwanzo. Ninunue za aina gani?

Sajenti_Mstaafu

Aina yoyote isiyo na kisigino kigumu. Nunua namba moja juu ya yako, miguu inavimba kule na soksi zinakuwa mbili. Zivae nyumbani kuanzia leo, uende nazo zimeshalainika, anayevaa buti mpya siku ya kwanza anaimaliza wiki akiwa zahanati.

Mama_Wawili

Na nenda na sindano na uzi mweusi.